Kibaba, Mizani na Daftari: Historia ya Hesabu ya Nyumbani na Nafasi ya Mzazi

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa nchini Tanzania, somo la Hisabati huwa mkiani. Kwa miaka kadhaa ya karibuni wanaofaulu somo hilo wamekuwa kama mtahiniwa mmoja katika kila watano, na ikibahatika mmoja katika kila wanne. Mjadala unaofuata tunaujua kwa moyo: walimu hawatoshi, vitabu havitoshi, madarasa yamefurika, wanafunzi wanaliogopa somo. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, mjadala huo huanzia kidato cha nne, hurudi nyuma hadi darasa la kwanza, kisha husimama mlangoni pa shule, kana kwamba kabla ya kuingia hapo mtoto hakuwa na hesabu yoyote. Mzazi hutajwa mwishoni, tena kwa lawama, kwamba hafuatilii maendeleo ya mwanawe.

Katika makala hii nakusudia kuutazama upande wa pili wa mlango huo. Hoja yangu ina sehemu tatu. Kwanza, nyumba za Afrika Mashariki zilikuwa na hesabu zake kabla ya shule. Pili, hesabu hizo zilipokonywa heshima hatua kwa hatua, kwa sababu za kisiasa na kiuchumi tunazoweza kuzitaja pamoja na tarehe zake. Tatu, mzazi anayetaka kumsaidia mtoto wake mdogo leo hana haja ya kuanza na asichokijua, kwa kuwa sehemu kubwa ya anachokihitaji anacho jikoni, gengeni na barazani.

Hesabu kabla ya daftari

Tuanze na nafaka. Katika soko la pwani, kipimo kidogo cha mchele au mtama kilikuwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Kwa hiyo pishi moja ni vibaba vinne, na nusu ya pishi ni kisaga. Mtoto aliyetumwa dukani alikuwa akiongeza maradufu na kugawa kwa mbili kila siku, hata kama hakuna aliyemwambia kwamba anafanya hivyo. Methali ya haba na haba hujaza kibaba, ambayo leo tunaisikia kama nasaha ya kuweka akiba, ilitoka kinywani mwa watu waliokijua kibaba kwa macho na kwa mikono.

Nguo nayo ilikuwa na hesabu yake. Shibiri ni upana wa kiganja kilichonyooshwa, kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri mbili hufanya mkono mmoja, yaani dhiraa, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Mikono minne ni pima moja, ambayo ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima ikinyooshwa kushoto na kulia. Shuka ilikuwa mikono minne, na doti mikono minane. Hadi leo mama anayenunua kanga husema doti, akimaanisha vipande viwili vinavyokwenda pamoja.

Kuhusu sehemu, Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu nusu, robo, thuluthi, sudusi na thumni. Kwa Waislamu wa pwani maneno hayo hayakuwa ya kitabuni tu, kwani ndiyo yaliyogawa mali ya marehemu. Mume akifariki na kuacha watoto, mke hupata thumni. Kinachobaki, kama hakuna warithi wengine wenye fungu lao, hugawanywa kwa watoto, mwana wa kiume akipata mafungu mawili na wa kike fungu moja. Chukua shamba la minazi 24, mke mmoja, mwana mmoja na binti mmoja. Mke atapata 3, inabaki 21, mwana atapata 14 na binti 7. Hesabu ya namna hiyo ilifanywa ukumbini mbele ya ndugu, na aliyekosea alisahihishwa hapo hapo kwa sababu kila mmoja alikuwa na fungu lake ndani yake.

Barazani palikuwa na bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, kila mchezaji akiwa na 32. Mchezo unapoanza, kila mmoja huwa na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Mchezaji mzuri huhesabu kimoyomoyo mkono wake utakapoishia kabla hajagusa kete hata moja. Watoto nao walikuwa na michezo yao. Katika mdako, mtoto hurusha jiwe juu na, kabla halijarudi mkononi, hutoa vijiwe shimoni na kuvirudisha akibakiza idadi inayotakiwa. Hapo anajifunza kutoa kwa haraka, na asipojifunza anatolewa mchezoni.

Hata majina ya namba yana historia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni ya Kibantu. Sita, saba na tisa yametoka Kiarabu, pamoja na ishirini, thelathini na kuendelea hadi elfu. Kabla ya hapo tulikuwa na majina mengine. Kenda, yaani tisa, bado linaeleweka, na fungate, siku saba za maharusi, limehifadhi jina la kale la saba. Lugha nyingi za Kibantu bara zingali zinatumia tandatu kwa sita, na hutaja ishirini kuwa makumi mawili. Nitairudia tofauti hiyo baadaye, kwa kuwa ina faida kwa mtoto wa leo.

Hesabu yageuka kuwa ya karani

Hesabu hizi zilianza kupoteza heshima zilipokutana na dola iliyohitaji kodi. Mwaka 1897 utawala wa Wajerumani ulitangaza kodi ya nyumba katika koloni lake la Afrika Mashariki. Kodi ilihitaji orodha, orodha ikahitaji karani, na karani akahitaji shule. Shule za serikali kama ile ya Tanga, iliyoanza katika miaka ya 1890, zilikuwa na kazi ya kuzalisha watumishi wa ofisi. Hesabu iliyofundishwa humo ilikuwa ya daftari: safu, jumla, salio na risiti. Ilikuwa elimu yenye manufaa, nami siidharau. Lakini iliunda tabaka la watu wachache wajuao hesabu mbele ya umma ambao sasa ulihesabiwa kuwa haujui.

Mabadiliko ya fedha yalizidisha hali hiyo. Rupia ya Wajerumani iligawanywa katika pesa 64. Mwaka 1904 mgawanyo huo ukabadilishwa, rupia ikawa na heller 100, na ndiko lilikotoka neno letu hela. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaleta shilingi yenye senti 100, na senti 50 watu wakaiita sumni. Mtu aliyezaliwa katika miaka ya 1880 alilazimika kujifunza mifumo mitatu ya fedha kabla hajafikisha umri wa miaka 45. Kila mfumo ulipobadilika, maarifa ya wazee yalionekana kupitwa na wakati, na aliyejua bei mpya alikuwa mwenye duka au karani wa boma.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ambayo James Aggrey kutoka Gold Coast alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza elimu ioanishwe na maisha ya jamii. Pendekezo hilo lilikuwa na sura mbili. Lilikiri kwamba mtoto hujifunza vyema kutokana na mazingira yake, lakini pia liliwapa watawala kisingizio cha kumpa Mwafrika elimu pungufu. Wazazi wengi waliing’amua sura ya pili. Walitaka watoto wao wapate hesabu ile ile ya daftari iliyowapa wengine mishahara, na siwezi kuwalaumu. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba hesabu ya nyumbani ilikosa mtetezi: mkoloni aliitumia kama kikomo, na mzazi akaikimbia.

Mizani ya pamba

Kwa nini jambo hili liwahusu wanaharakati na watumishi wa umma? Kwa sababu asiyeamini hesabu yake mwenyewe hunyonywa. Mfano ulio wazi kabisa ni wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Malalamiko yao makubwa yalihusu mizani. Mkulima alipeleka mzigo, mnunuzi akausoma uzito, na mkulima akapokea fedha bila njia ya kuhakikisha. Paul Bomani na wenzake walipoanza kuwaunganisha wakulima, miongoni mwa kazi za mwanzo ilikuwa kuweka watu wao wenyewe wa kukagua upimaji. Kutokana na vuguvugu hilo ulizaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, VFCU, mwaka 1955, na Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha wa nchi huru.

Ushirika ule mara nyingi husimuliwa kama sura ya siasa za kudai uhuru. Nadhani ni sura ya historia ya hesabu pia. Wakulima wale hawakuwa wamekaa darasani miaka mingi, lakini walijua mzigo wao una uzito gani kabla ya kufika kwenye mizani. Makisio hayo, yaliyojengwa shambani na nyumbani, ndiyo yaliyowapa ujasiri wa kusema kwamba mizani inadanganya. Mtoto asiyefundishwa kukisia atakapokua hatakuwa na la kumwambia mwenye mizani, mwenye mkopo wala mwenye bajeti ya kijiji.

Baada ya uhuru

Mwaka 1962 wataalamu wa Kiafrika, Kimarekani na Kiingereza walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya hisabati mpya kwa ajili ya shule za Afrika. Nia ilikuwa njema: kumfanya mtoto aelewe badala ya kukariri. Lakini vitabu hivyo vilianza na lugha ya seti na alama ambazo mzazi hakuwahi kuziona. Hata mzazi aliyesoma hadi darasa la nane akajikuta hawezi kuielewa kazi ya mtoto wa darasa la pili. Nchini Kenya serikali iliiondoa hisabati hiyo mwaka 1981.

Kutokana na mradi huo huo lilitokea jambo ambalo lingestahili kujulikana zaidi. Nchini Liberia, John Gay na Michael Cole walichunguza kwa nini watoto wa Wakpelle walipata shida katika hisabati ya shule, na mwaka 1967 wakachapisha matokeo yao. Walipowapa watu wazima Wakpelle kazi ya kukisia bakuli lina vikombe vingapi vya mchele, Wakpelle waliwashinda Wamarekani kwa mbali. Mchele ulikuwa maisha yao. Shule ilikuwa imewahukumu watu hao kuwa hawana hesabu kwa sababu haikuwahi kuuliza kuhusu mchele.

Tanzania ilichukua njia yake. Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 ilitaka shule isimtenge mtoto na kijiji chake. Kisomo cha watu wazima, ambacho majaribio yake yalifanywa Mwanza kwa msaada wa UNESCO, kilifundisha kusoma na kuhesabu kupitia pamba, ndizi, uvuvi na mapishi. Mwaka 1967 zaidi ya theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba waliobaki ni kama mmoja katika kumi. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoamuliwa Musoma mwaka 1974 na kutekelezwa mwaka 1977, iliwakuta wazazi wengi wakiwa wanafunzi jioni huku watoto wao wakiwa wanafunzi asubuhi. Tunaweza kuzihoji takwimu hizo na ubora wa elimu yenyewe. Hata hivyo, kilikuwa kipindi ambacho serikali ilimchukulia mzazi kuwa mtu anayejifunza, tena anayejifunza hesabu kutokana na kazi yake.

Mgogoro wa uchumi wa miaka ya 1980 ulikidhoofisha kisomo, na hakijarudi kwa nguvu ile. Kilichokuja baadaye ni masomo ya ziada ya kulipia na shule zinazofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea. Mzazi akawa mlipaji. Anapokea daftari lenye kazi kwa lugha asiyoimudu, analipa mtu wa kumfundisha mtoto, na anamwambia mtoto maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: “Mimi hesabu sijui, kamwulize mwalimu wako.” Mama anayeyasema hayo huenda ametoka kuuza genge zima la nyanya kwa mafungu ya bei tano tofauti, akarudisha chenji na kujua faida yake bila kalamu.

Kwamba hali hii si ya kwetu pekee inathibitishwa na utafiti mashuhuri uliochapishwa mwaka 1985 kutoka Recife, Brazili. Terezinha Carraher na wenzake waliwauliza watoto wachuuzi maswali ya bei walipokuwa kwenye biashara zao, nao wakajibu sahihi kwa asilimia 98. Walipopewa hesabu zile zile kwa maandishi, bila nazi wala wateja, usahihi ulishuka hadi asilimia 37. Akili ilikuwa ile ile, na watoto walikuwa wale wale.

Mzazi afanye nini?

Historia hii inatupa mwongozo, na nitautaja kwa vitendo.

Jambo la kwanza ni kuhesabu vitu, kwa kuvigusa. Mtoto wa miaka minne anaweza kuimba moja hadi ishirini bila kujua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo jumla. Mpe viazi saba ahesabu akivisogeza kimoja kimoja, kisha muulize, “Viko vingapi?” Akianza kuhesabu upya, bado hajafika. Rudia kesho kwa vijiko, na kesho kutwa kwa vifuniko vya soda.

Pili, tumia lugha ya nyumbani bila aibu. Kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu hutaja kumi waziwazi, jambo ambalo Kiingereza hakifanyi kwa namba hizo. Kiswahili nacho huficha kitu kwenye thelathini na arobaini, kwa kuwa mtoto hawezi kuona tatu wala nne ndani yake. Hapo ndipo desturi ya bara inaposaidia: mwambie kwamba thelathini ni makumi matatu, umfungie vijiti kumi kumi, naye avione. Kama nyumbani mnazungumza Kisukuma, Kihaya au Kikuyu, mhesabishe kwa lugha hiyo pia. Atakayeelewa makumi kwa lugha ya mama atayatambua katika lugha yoyote ya darasani.

Tatu, mpe kukisia kabla ya kupima. “Unga huu utajaza vikombe vingapi?” Akisema sita, pimeni pamoja. Asikaripiwe akikosea, kwani thamani ya makisio iko katika kulinganisha alichodhani na kilichotokea. Nne, mgawie chakula kwa sehemu na uzitaje: chapati hii tunaikata nusu, nusu hii tunaikata tena, sasa kila kipande ni robo. Mtoto aliyeona kwamba robo ni ndogo kuliko nusu hatadanganywa na 4 kuwa kubwa kuliko 2.

Tano, mtume dukani, na akirudi mhesabu chenji pamoja. Akiwa mdogo mno kutumwa, acheze duka nyumbani. Sita, tumieni saa. Saa ya ukutani huonyesha 1, nasi tunasema saa saba, na simu huandika 13:00. Mtoto wa Kiswahili ana zoezi la bure la kuongeza na kutoa sita kila anapotazama saa. Saba, rudisheni bao na mdako, na mabinti wasizuiwe kukaa kwenye bao ambalo kwa muda mrefu lilikuwa la wanaume.

La mwisho ni swali. Mtoto akitoa jibu, liwe sahihi au la, muulize, “Umejuaje?” Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza swali hili na kusikiliza, na mara nyingi mtoto atalisahihisha kosa lake mwenyewe akiwa katikati ya maelezo.

Mipaka ya hoja hii

Sitaki hoja yangu itumiwe kuipunguzia serikali mzigo. Kibaba hakimfundishi mtu aljebra, na vipimo vya mwili viliachwa kwa sababu ya haki: mkono wa mwenye duka mfupi ulimpunja mteja. Darasa la watoto mia moja na mwalimu mmoja halitaponywa na viazi. Tena tunaposema “mzazi”, kwa kawaida tunamaanisha mama, ambaye siku yake imekwisha kujaa. Ndiyo maana nimetaja mambo yanayofanyika ndani ya kazi zilizopo, wala si kipindi kipya cha jioni. Na akina baba wanaoshinda kwenye bao wana cha kufundisha.

Kwa watumishi wa umma nina ombi mahususi. Mtaala wa mwaka 2015 wa darasa la kwanza na la pili uliweka mkazo katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Tangu mwaka 2010 tathmini za Uwezo zimepelekwa hadi majumbani na kuonyesha kwamba watoto wengi wa madarasa ya juu hawamudu hesabu za darasa la pili. Tunao basi mtaala na tunao ushahidi. Kinachokosekana ni mkutano wa wazazi ambao ajenda yake si michango peke yake. Mwalimu wa darasa la kwanza apewe nusu saa katika mkutano huo aonyeshe, kwa Kiswahili na kwa vitu vilivyopo, namna ya kuhesabu kwa makumi, kisha awaulize wazazi wao huhesabuje sokoni. Nusu saa hiyo haihitaji fungu la wafadhili.

Kwa wanafunzi wangu na wanaharakati, nasema tuifuatilie hesabu kama tunavyoifuatilia katiba. Anayepiga kura ya bajeti ya kata, anayesoma mkataba wa mkopo na anayesimama mbele ya mizani ya mazao anahitaji ujasiri ambao hauanzii kidato cha nne. Huanza pale mtoto wa miaka mitano anapomwambia mama yake kwamba viazi vilikuwa saba, sasa ni sita, na mama akamuuliza amejuaje.